Sekunde alizokata

Juzi binti yangu alichimbua droo ya nyaya akaibuka na kile kidude, kamera yangu ya zamani ya GoPro, bado kiko ndani ya ganda lake la plastiki lililojaa mikwaruzo. Akakigeuza huku na huku.

"Baba, hapa unaangalia wapi?"

Nikamwambia huangalii popote. Akadhani namtania.

Lakini ndivyo kamera hizo zilivyokuwa. Taa nyekundu ikipepesa, inarekodi. Mengine ni imani. Nick Woodman, aliyeanzisha GoPro, alikuwa mpanda mawimbi aliyetaka kujipiga picha yeye na wenzake wakiwa majini, na kamera yake ya kwanza, ya mwaka 2004, ilitumia filamu ya milimita 35 na ilifungwa kwenye kifundo cha mkono. Mtu aliye juu ya wimbi hana muda wa kuchungulia kitundu. Sisi wa skeitibodi, ubao wa magurudumu, tukairithi kamera ya watu wa maji, pamoja na ganda lisilopitisha maji ambalo hatukuwa na haja nalo hata kidogo. Hilo ganda nitalirudia.

Nilikuwa na swahiba tuliyecheza naye. Yeye alikuwa wa kuruka, mimi wa kumfuata na kamera. Watu hudhani anayefuata anastarehe. Lenzi pana, ya nyuzi 170, inameza kila kilicho mbele yake, ila inamsukuma mtu mbali: akiwa hatua tatu kutoka kwako, kwenye video utadhani yuko ng'ambo ya barabara. Basi inabidi umsogelee, umsogelee tena, mpaka ufike mahali ambapo ubao ukimponyoka utaishia kwenye muundi wako.

Kamera niliifunga kichwa chini kwenye kijiti, ikining'inia karibu na ardhi, kwa sababu ukimrekodi mtu kutoka chini hata mruko mfupi unapata urefu. Magurudumu yangu yalikuwa makubwa na laini, 78A kwa kipimo cha ugumu wa magurudumu, yanayopita kimyakimya juu ya kokoto. Yake yalikuwa magumu, 99A, ya kulia na kugonga. Mpiga picha wa skeitibodi anatakiwa asisikike. Kinachosikika kiwe ubao wa mwenzake.

Jioni hiyo tulikuwa kwenye ngazi chache pana, kando yake kuna njia ya mteremko ya viti vya magurudumu. Yeye apite juu ya ngazi, mimi nishuke kwenye mteremko. Alikuwa anatafuta kikiflipu: unaruka, unaukwangua ubao kwa ncha ya kiatu, nao ubao unazunguka mara moja chini yako, halafu unaukanyaga kabla haujakukimbia. Alikuwa ameukosa mchana kutwa. Viwiko vimechunika, jua linazama, betri inakata roho. Akasema moja ya mwisho, kama alivyokuwa amesema kabla ya zile zote.

Nilimsikia kabla sijamwona. Magurudumu yake yalikuwa yakiruka kwenye maungio ya vigae, taka-taka-taka, yakizidi kukazana, nami nikasukuma mguu nimfikie. Mkia wa ubao ukagonga chini, pa! Kisha kimya. Kamera sikuitazama, maana haikuwa na cha kutazamwa; nilitazama viatu vyake. Niliona upande wa chini wa ubao, mchoro wake ukiwa umekwanguliwa karibu wote, na magurudumu manne yakiendelea kuzunguka hewani bila kugusa kitu. Mguu wa mbele ukautafuta ubao, ukaupata. Wa nyuma ukafuata. Wakati huohuo mimi nilikuwa nimeshaingia kwenye mteremko, nimechutama goti karibu liguse sakafu, mkono nimeunyoosha hadi bega linauma, naomba tu pasiwe na ufa. Magurudumu yake yakatua yote kwa mlio mmoja. Akayumba. Vidole vyake vikashuka kuelekea chini, na hapo ndipo roho yangu ilipo hadi leo, kwa sababu mkono ukigusa hapo hesabu imeharibika. Havikugusa.

Hakuna aliyefunga breki. Tuliserereka sambamba, yeye hasemi neno, mimi ndiye niliyepiga kelele, kelele isiyo na maneno. Na kwa kuwa kamera ilikuwa imefungiwa ndani ya ganda, sauti ilinaswa kama ya mtu aliyetumbukia ndani ya tangi. Ukisikiliza huwezi kujua nacheka au nalia. Akageuka, akaitazama lenzi, si mimi, akacheka kwa meno yote. Tukaendelea kuserereka hadi ardhi yenyewe ikatuchoka.

Usiku uleule akaihariri video. Tulikuwa tumechagua 720p, picha isiyo kali sana, kwa fremu 60 kwa sekunde, kwani kwenye kamera ile ukitaka 1080p, iliyo kali zaidi, ulipewa 30 tu, na kwa 60 unaweza kupunguza mwendo nusu bila picha kukatakata. Ikatoka nzuri kwelikweli. Mkia unagonga, ubao unazunguka taratibu, magurudumu yanatua, mwisho. Juu yake akaweka muziki. Kelele yangu haimo, na kule kuserereka hakumo.

Kwa kanuni za mchezo yuko sahihi. Mruko ukishatua hakuna cha kuonyesha tena, na kivuli cha mpiga picha kikiingia kwenye picha huhesabiwa kasoro. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimhimiza akate kabla watu hawajachoka. Ila nikiikumbuka jioni ile, mruko ndio sehemu ninayoipita haraka.

Faili zima ninalo kwenye diski. Hajawahi kuliomba. Mwaka jana tulipoonana nilikuwa nimelihamishia kwenye simu makusudi, tukazungumzia magoti, mgongo na watoto, nikaondoka nalo mfukoni. Sijui nilikuwa nangoja nini. Pengine aulize.