Sindano, punda na kahawa

Kaka yangu alipougua, tulimfungia ndani. Nayaandika haya kwa aibu. Nyumba yetu iko Langoni, hapa Lamu, na kwa miezi miwili ufunguo wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa pindoni mwa leso ya mama. Kaka alisikia watu wakimtukana kutoka ukutani. Akasomewa, akanyweshwa kombe, akatulia siku tatu, yakarudi.

Hospitali wakasema ni skizofrenia, ugonjwa wa akili, wakampa vidonge vya haloperidoli. Shingo ikakaza, mikono ikatetemeka, akaanza kuvificha chini ya ulimi. Tuligombana asubuhi na jioni mpaka muuguzi mmoja akaleta wazo la sindano ya flufenazini: unachomwa msulini, dawa inatoka kidogo kidogo, unarudi baada ya wiki nne. Ugomvi ukaisha.

Ila sindano haimpi mtu pa kwenda asubuhi. Nilichelewa kuliona hilo. Nikamwendea jirani mwenye punda.

"Ami, mpe japo mzigo mmoja kwa siku."

"Na akinipigia punda?"

"Akimpiga, nirudishie."

Akaanza kubeba mchanga kutoka gatini. Kaka hajampiga punda, nadhani anamwambia siri ambazo mimi sijawahi kuzisikia.

Kisha nikamweleza muuza kahawa wa barazani ugonjwa wenyewe, bila kuficha. Mama alinuna wiki nzima. Nilimwambia muuza kahawa aangalie mambo mawili: akikosa kulala, na akianza kuzurura pwani usiku. Vijana niliwaomba wasimpe miraa, maana inamchochea. Mmoja alicheka, wengine walishika neno. Mwalimu aliyemsomea naye hakuwa na kinyongo: Ramadhani ilipoingia, ndiye aliyemtuliza kwamba sindano ya msulini haifunguzi.

Mwezi mmoja dawa iliisha kituoni, tukaambiwa turudi baadaye. Tukarudi mara mbili, hola. Wiki ya saba, saa nane usiku, muuza kahawa akabisha hodi: "Kakako yuko gatini, anabishana na maji." Tulimrudisha watatu, polepole, hakuna aliyemshika kwa nguvu. Asubuhi nikainunua sindano duka la dawa, muuguzi akamchoma. Tangu hapo huwa napiga simu wiki moja kabla kuuliza kama dawa ipo.

Juzi kaka aliniuliza, akiwa anamfunga punda matandiko, kama nimeshapiga.

Nilikuwa nimesahau.