Mita moja, miaka milioni moja: kwa miguu kutoka Oysterbay hadi Makumbusho ya Taifa

Tuliondoka upande wa Oysterbay saa tatu asubuhi, siku mbili baada ya mwezi kuandama. Saa na siku zilichaguliwa kwa ajili ya daraja la Selander. Kwenye bamvua, maji ya Dar es Salaam hupwa sana kuanzia saa nne hivi asubuhi, na matope ya mikoko yakiwa chini ya maji safari hii inapoteza nusu ya maana yake.

Kipimo chetu ni hiki: dunia ina umri wa miaka bilioni 4.54, na kila mita ya barabara ni miaka milioni moja. Njia nzima basi ni mita 4,540, na inaishia kwenye mlango wa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Vipimo vyote vinahesabiwa kutoka mlangoni kurudi nyuma. Ukihesabu kuanzia mwanzo, makosa yote yanajikusanya mwishoni, na mwishoni ndiko waliko dinosaria, nyani na binadamu.

Kabla ya kuondoka, kila mmoja alipima hatua yake: unatembea mita 50 za futi kamba mara tatu, mwendo wako wa kawaida, kisha unagawanya kwa idadi ya hatua. Usikisie. Ukidhani hatua yako ni sentimita 75 kumbe ni 70, njia nzima itakupotea mita 303, yaani miaka milioni 303. Simu inasaidia mpaka Upanga, lakini karibu na maghorofa ya mjini mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kwanza, na alama yako kwenye ramani inaruka makumi ya mita. Mita 100 za mwisho ni za futi kamba tu.

Mita 1,060 za kwanza tulizitembea bila kusimama. Alama tunazoziamini za uhai zinaanza kwenye mita 3,480, nazo ziko Pilbara, Australia Magharibi: mawe yenye matabaka membamba kama kurasa, yaliyojengwa na tando za bakteria kwenye maji ya kina kifupi.

Tulifika Selander zikiwa zimebaki kilomita tatu hivi. Hapo tulikaa karibu saa nzima, na kwangu hapa ni pazuri kuliko pengine pote njiani. Vaa glavu za mpira na viatu vya kufunika, kwa sababu Mto Msimbazi unabeba majitaka ya mji, na usishuke mbali na ukingo, matope yanazamisha. Kwanza tazama uso wa tope: kuna utando mwembamba wa rangi ya kijani na kahawia. Ndani yake wamo sayanobakteria, jamaa wa wale waliojenga tando za zamani, wanaotumia mwanga wa jua na kutoa oksijeni. Sasa chimba kwa kijiko. Milimita chache tu chini ya utando tope linageuka jeusi tii na kunuka yai viza. Oksijeni imekwisha hapo. Bakteria wa humo wanaishi kwa salfeti, aina ya chumvi iliyomo kwenye maji ya bahari, wanatoa hidrojeni salfaidi, na gesi hiyo ikikutana na chuma inatoa ule weusi. Weka donge hilo juu ya kipande cha bati ulisubiri. Taratibu uso wake unapauka, unakuwa wa kijivu kisha wa kahawia: chuma kinapata kutu.

Kutu hiyo ndiyo habari ya mita 2,400, ambazo ni mwendo mfupi tu ukishavuka daraja. Bahari za kale zilijaa chuma kilichoyeyuka. Oksijeni ya sayanobakteria ilipoanza kutolewa ilikamatwa na chuma hicho, kikatua chini na kuwa matabaka mekundu ambayo leo yanachimbwa kwa ajili ya vyuma vya dunia nzima. Baadaye ndipo oksijeni ilipopata nafasi ya kubaki hewani. Kila pumzi tuliyovuta tukipanda Upanga ilianzia kwenye utando kama ule.

Upanga ndipo wengi wanapokata tamaa, maana unatembea na hakuna mnyama. Lakini karibu na mita 1,650 kuna visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyohifadhiwa kwenye mawe, vya seli zenye kiini. Wazee wa seli hizo walimmeza bakteria bila kummeng'enya. Akabaki ndani kama mtambo wa nguvu, mitokondria, na yumo katika mwili wako sasa hivi. Kwenye mita 1,050 kuna mwani mwekundu, visukuku vyake vimepatikana kaskazini mwa Kanada. Mwani wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani ni wa ukoo huohuo.

Kati ya mita 720 na 635 dunia iliganda mara mbili, barafu ikafika hata karibu na ikweta. Mita 539 ndiyo mwanzo wa enzi ya Kambria, wanyama wenye magamba na miguu wanajaa baharini. Kumbuka: tumeshatembea kilomita nne. Kwenye mita 410 hivi unaingia ukoo wa silakanti, samaki ambaye tangu 2003 wavuvi wa Tanga wamemtoa majini akiwa mzima.

Mita 252 ni msiba mkubwa kuliko yote: volkano za Siberia ziliharibu hewa na bahari, na spishi nyingi mno za baharini zikapotea. Hatua chache mbele, kwenye mita 243 hivi, yuko Nyasasaurus wa karibu na Ziwa Nyasa, aliyetangazwa Desemba 2012. Huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote, au jamaa yao wa karibu sana. Mita 150 ni Tendaguru, Lindi, alikotoka Giraffatitan mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 na bado imesimama Berlin. Inaniuma kila nikipita alama hiyo.

Sasa futi kamba. Kwenye mita 66 kimondo kilipiga Mexico, na dinosaria wengi wakatoweka. Kunguru waliokuwa wakigombania mabaki kando ya Bustani ya Mimea ni wa tawi la dinosaria lililopona.

Mita 25, Rukwapithecus wa bonde la Rukwa, miongoni mwa nyani wasio na mkia wa kale zaidi wanaojulikana. Mita 3 na sentimita 66, nyayo za Laetoli, za viumbe wa ukoo wa binadamu, kwenye majivu ya volkano. Sentimita 30, Homo sapiens. Kilimo chote kinaenea kwenye sentimita 1.2. Mji huu, tangu Sultani Majid alipoanza kuujenga miaka ya 1860, ni milimita 0.16, karibu unene wa karatasi mbili za daftari.

Alama ya mwisho tuliyoichora kwa chaki ilikuwa mita 1 na sentimita 84. Ni ya Zinj, jamaa wa kale wa binadamu aliyepatikana Olduvai na Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, ambaye fuvu lake linahifadhiwa na Makumbusho haya. Mtazame magego, mapana kupita kiasi, na ule mfupa uliosimama utosini ulioshikilia misuli ya taya. Walimwita mvunja karanga, lakini kemikali za enameli, ganda gumu la meno, ya jamaa zake zinaonyesha walaji wa mimea ya jamii ya nyasi na ndago. Wala si babu yetu. Kutoka alama yake, sentimita 64 kuelekea mlangoni, tawi lake linakatika.