Siku nzima na Transalp ya mzee wa Ariwara

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Basi la usiku kutoka Kampala limeshaingia Arua na bahasha yangu imo: oringi za maji, yaani pete za mpira za kuziba viungo, kutoka kwa muuza spea wa soko la Kisekka. Chapati mbili, chai, kisha gereji.

Saa mbili. Pikipiki yenyewe ni Transalp, aina ambayo Honda ilianza kuitoa 1987: silinda mbili kwa umbo la V, cc 583, na inapozwa kwa maji. Vijana wangu wamelelewa na Boxer, pikipiki ya boda, ambayo hupozwa na upepo tu, kwa hiyo rejeta kwao ni kitu cha gari. Mwenyewe alipoileta kutoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, alishajiamulia ugonjwa: "Fundi, maji inakwisha kila siku. Ni pampu."

Kweli tone lilidondoka karibu na pampu. Ila chini ya pampu ya maji kuna kitundu cha makusudi, kati ya vizibo viwili, sili ya maji na sili ya oili. Sili ya maji ikichoka, maji hutokea hapo. Nilikipangusa nikakikuta kikavu, ndipo nikajua maji yanatoka juu na kuteremka, nikaagiza oringi. Kuna mafundi wangenunua pampu kwanza, wafikirie baadaye.

Saa tatu. Injini ni baridi, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kinafunguka bila hatari. Ikiwa moto, maji yaliyobanwa humo yatakuruka usoni. Mahali pa kifuniko nafunga kipande nilichochongesha, naunganisha pampu ya baiskeli yenye geji, napandisha presha hadi baa moja ya geji na kuishia hapo, ili panapovuja pajionyeshe. Tangi na karbureta zimeshatoka. Mwanga wa tochi ndani ya V unaonyesha kibomba cha maji kati ya silinda, kiungo kimezungukwa na ukoko mweupe, na tone linajikusanya polepole. Oringi yake imekuwa ngumu kwa uzee, haibani tena.

Saa tano. Tunamwaga maji. Yana rangi ya chai ya rangi, kutu tupu, maana mzee amekuwa akijazia maji ya kisima. Tunayakinga kwenye jerikani yenye kifuniko: mabaki ya kulanti, dawa ya kupozea injini, ni matamu na ni sumu, na mbuzi wa jirani hawachagui.

Mchana ni ugali wa muhogo na samaki wa angara, katikati ya cheni mbili za boda na pancha moja.

Saa nane. Kazi yenyewe ni kusafisha. Msasa laini kwenye kikao cha oringi, taratibu, mpaka kucha isikwame. Kijana ananyoosha mkono kuchukua grisi. La! Oringi hizi za maji huvimba zikikutana na grisi ya mafuta. Zipake kulanti yenyewe. Gundi ya silikoni pia ameshaiweka karibu, nikairudisha kabatini. Vipande vyake hubanduka ndani na kwenda kuziba rejeta.

Saa kumi. Tunajaza kulanti nusu, maji yaliyotoneshwa nusu. Watu huniambia kulanti ni ya nchi za baridi. Arua iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na joto la hapa mnalijua. Kulanti huchelewesha kuchemka na kuzuia kutu.

Tunaitikisa pikipiki kushoto na kulia ili hewa itoke, tunawasha kifuniko kikiwa wazi, mapovu yanapanda. Thermostati, vali inayofunguka injini ikipata moto, inafunguka, kiwango kinashuka, tunaongeza, tunafunga. Feni inawaka yenyewe.

Saa kumi na mbili jioni imeshapoa. Kiwango hakijashuka, ndani ya V kukavu. Mzee analipa, kisha anafunga chupa yake ya maji ya kisima nyuma ya kiti.

"Mzee, hiyo ni ya nini?"

"Ya kunywa, fundi."

Nimeinusa. Ni ya kisima kweli, lakini nimemwachia.