Nilivyofanikiwa kutoa kloroplasti zikiwa nzima

Hii kazi ya kutoa kloroplasti (vile vijisehemu vya kijani ndani ya seli za majani vinavyotumia mwanga kutengeneza chakula) ilinitesa wiki kadhaa, kila nikiangalia kwenye hadubini naona vipande vipande tu. Nilikua nasaga spinachi kwenye blenda dakika nzima nikijua ukisaga sana ndo unapata nyingi, kumbe ndo nazipasua zote. Siku hizi nawasha sekunde 3 nazima, narudia mara mbili basi, seli nyingi zinabaki hazijafunguka na roho inauma kuzitupa ila hizo chache zinazotoka zinatoka nzima.

Bafa, yaani maji ya dawa yanayoshikilia pH isibadilike, natumia ya sorbitoli (kitu kama sukari) 0.33 M, pH 7.6, na kila kitu kinakaa kwenye barafu mpaka jagi la blenda. Usijaribu maji matupu, maji yanaingia ndani kloroplasti inavimba inapasuka.

Kilichonichelewesha zaidi ni wanga. Nilikua nachuma majani jioni yakiwa yameshinda kwenye mwanga, nikitoa tyubu kwenye sentrifyuji (mashine ya kuzungusha tyubu kwa kasi ili vizito vikae chini) naona chini ya tope ya kijani kuna kidoa cheupe, nikawa nakipuuza. Ule ni wanga, chembe zake nzito, mashine ikizunguka zinachana utando wa kloroplasti kutokea ndani. Sasa majani yanalala gizani usiku kucha kwanza, kidoa kimepungua sana.

Baada ya kuchuja kwa kitambaa nazungusha 200 g (si gramu, ni nguvu mara 200 ya mvutano wa dunia) dakika 1, matakataka yanakaa chini, maji ya juu nayahamisha nazungusha tena 1000 g dakika 5. Ile tope ya kijani usiivute na pipeti kwa nguvu, mi naikoroga taratibu na brashi laini ya kuchorea kwenye bafa kidogo.

Kwenye hadubini ya fezikontrasti (inayoonyesha vitu vinavyopitisha mwanga bila kuvipaka rangi) kloroplasti nzima zinang'aa na zina duara la mwanga pembeni, zilizopasuka zinakua nyeusi zina madoadoa. Mara ya kwanza kuona nyingi zinang'aa niliita kila mtu maabara aje aone!

Halafu nikafanya ile reaksheni aliyoigundua Robert Hill miaka ya 1930. Nilitia DCPIP, rangi ya bluu inayofifia ikipokea elektroni kutoka kwa kloroplasti zilizopata mwanga, kwenye tyubu mbili zenye kloroplasti, moja nikaiweka kwenye taa nyingine nikaizungushia foili. Ya kwenye taa bluu ikafifia ikaisha ikabaki kijani tupu, ya kwenye foili nilipoifungua bluu ilikua ipo vilevile.