Askofu Steere, mwanafunzi wa Kiunguja

Kila ninapofika Unguja hupita Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe, na nikishaingia katika Kanisa Kuu la Kristo huenda kwanza nyuma ya madhabahu, alikozikwa Askofu Edward Steere. Wageni wengi huishia mbele, kwenye duara la marumaru linaloonyesha mahali panaposimuliwa kuwa ndipo watumwa walipofungwa na kuchapwa. Nawaelewa, kwa kuwa uchungu wa mahali pale hauhitaji mfafanuzi. Lakini mimi naandika kwa Kiswahili kutwa kucha, na kwa sababu hiyo najiona nina deni kwa mtu aliyelala pale nyuma.

Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria hadi akawa wakili, kisha akaiacha kazi hiyo na kupewa daraja la ushemasi mwaka 1856. Mwaka 1863 rafiki yake William Tozer aliwekwa kuwa askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, misheni ya Kianglikana iliyoanzishwa baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge, naye Steere akafuatana naye hadi bonde la mto Shire, unaotoka Ziwa Nyasa. Huko misheni ilikuwa imekwisha kumzika askofu wake wa kwanza, Mackenzie, aliyefariki mwaka 1862, na haikuwa na matumaini ya kustawi, ndipo mwaka 1864 Tozer alipoihamishia Unguja.

Hapo ndipo ninapompendea Steere. Badala ya kuanza kwa kuhubiri, aliketi akasikiliza. Aliwaomba wenyeji wamsimulie hadithi, akaziandika kama zilivyotamkwa, na mwaka 1870 akazitoa katika kitabu, Kiswahili kikiwa ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Mwaka huohuo kilitoka pia kitabu chake cha sarufi na msamiati. Katika hadithi hizo imo ile ya kima na papa, ambamo kima, akiwa katikati ya bahari mgongoni mwa papa, anadai kwamba moyo wake ameuacha mtini, na akishanusurika anamsimulia papa habari za punda wa dobi, asiye na moyo wala masikio. Bibi yangu alinisimulia hadithi hiyo usiku tukichambua mchele, na sidhani kama aliwahi kukiona kitabu hicho. Nilipokuja kuikuta imechapwa, nilisisimka kuona kwamba Mwingereza yule hakuiharibu.

Askofu Tozer alipojiuzulu kwa sababu ya afya, Steere alichaguliwa kushika nafasi yake, akawekwa wakfu Westminster Abbey mwaka 1874. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa Juni 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, na siku ya Krismasi mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa palepale. Steere alisimamia ujenzi mwenyewe, paa la kuba likiwa la matumbawe yaliyochanganywa na saruji, bila nguzo ya kulibeba katikati. Mwisho wa kanisa, upande wa magharibi, zipo nguzo fupi zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Husimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo askofu akiwa safarini, naye aliporudi akaamua zibaki. Mimi huzigusa kila ninapopita.

Safari zake za bara hazikuwa chache. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kurudi upande wa Ziwa Nyasa walikotoka, nao wakaishia kuweka makazi Masasi, ambako Uanglikana una mizizi hadi leo.

Hata hivyo kazi ya lugha hakuiacha. Alilifasiri Agano Jipya kwa Kiunguja, lahaja ya Kiswahili ya Unguja, akitumia maneno yaliyokwisha kuzoeleka midomoni mwa watu wa mwambao, kama vile dhambi, toba na rehema, wala hakujitungia lugha ya kanisani isiyoeleweka sokoni. Huko Mombasa mmisionari Mjerumani Krapf alikuwa ameshughulikia Kimvita, lahaja ya mji huo, na mashindano ya lahaja hizo mbili yaliendelea muda mrefu, mpaka Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wenye Kimvita wana haki ya kulalamika, kwani ndicho kilichobeba tenzi nyingi na mashairi ya Muyaka, malenga wa Mombasa, na maandishi ya Steere yaliyokuwa tayari mkononi hayakuwasaidia hata kidogo.

Alifariki Unguja Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54. Biblia nzima ilikamilishwa na wenzake, ikatoka mwaka 1891.