Debian 13 kwenye bodi ya RISC-V: skrini nyeusi haimaanishi imeungua

Bodi imesafiri kwa basi kutoka Dar hadi Tabora, unaiwasha, skrini inabaki nyeusi. Wazo la kwanza: imeungua njiani. Lakini kwa VisionFive 2, kompyuta ya bodi moja yenye prosesa ya aina ya RISC-V, ikiwa na mfumo wa Debian 13 (jina lake la ndani ni trixie), weusi huo ni wa kawaida, kwa sababu kerneli (kiini cha mfumo) ya 6.12 inayokuja na Debian hiyo haina draiva ya HDMI ya JH7110, chipu ya bodi hii. Nunua waya wa seriali, unaokuonyesha maandishi ya bodi kwenye kompyuta nyingine kupitia USB, kabla ya monita.

Waya uwe wa ishara za volti 3.3. Pini 6 ni ardhi, pini 8 ni TX (kutuma) ya bodi na huenda kwenye RX (kupokea) ya waya, pini 10 ni RX na huenda kwenye TX. Uzi wake mwekundu wa umeme wa volti 5 usiuchomeke popote. Kasi ni 115200. Zikitoka herufi za ajabu, kasi si hiyo au ardhi haijagusa. Pakiwa kimya kabisa, badilishana TX na RX.

Mfumo wenyewe ujenge kwenye kompyuta ya kawaida, si kwenye bodi. Weka `debootstrap` (inayojenga Debian ndani ya folda), `qemu-user-static` (inayoigiza prosesa ya RISC-V) na, ukiwa na Ubuntu, `debian-archive-keyring` (funguo za kuhakiki vifurushi vya Debian). Gawa memori kadi, funga partisheni kwenye `/mnt/kadi`, kisha:

`debootstrap --arch=riscv64 trixie /mnt/kadi`

Ikilalamika `Exec format error`, binfmt (inayoikabidhi QEMU programu za RISC-V) haijasajiliwa, kwa hiyo prosesa yako inaona maagizo ya lugha isiyoijua. Weka pia `apt-cacher-ng`, inayohifadhi vifurushi, na uielekeze `debootstrap` ipitie humo: ukikosea na kuanza upya (utakosea), vifurushi havitameza bando mara ya pili.

Ingia ndani ya mfumo huo mpya kwa `chroot`, weka nywila ya root, andika `fstab` (orodha ya partisheni za kufunga), ndipo usakinishe `linux-image-riscv64` na `u-boot-menu`. Mpangilio huu una sababu: `u-boot-menu` husoma `fstab` ili kujua mzizi uko wapi. Kwenye `/etc/default/u-boot`, ndani ya `U_BOOT_PARAMETERS`, ongeza `console=ttyS0,115200 earlycon` ili ujumbe wa kerneli utoke kwenye waya wa seriali.

Bodi ikiwaka, kipande kidogo cha U-Boot (programu ya kuwashia mfumo) kiitwacho SPL hutangulia, ikafuata OpenSBI, programu ya msingi ya bodi, kisha U-Boot yenyewe, mwisho kerneli. Ikigota kwenye `Starting kernel ...`, shuku faili la dtb, linaloieleza kerneli vifaa vya bodi. Yapo mawili, v1.2a na v1.3b, na toleo limechapwa kwenye bodi yenyewe. Ukichanganya, bodi inaweza kuwaka vizuri halafu mtandao wa waya ukagoma, nawe ukalaumu ruta bure. U-Boot ya kiwandani ya zamani nayo huenda isilione `extlinux.conf`, faili la menyu ya kuwashia linaloandikwa na `u-boot-menu`; hapo sasisha flashi ya QSPI, chipu ya bodi inayohifadhi U-Boot.

Eneokazi? Weka XFCE, eneokazi jepesi, na `xrdp`, uifungue kutoka kompyuta nyingine kupitia mtandao. Ukitaka HDMI lazima utumie kerneli ya mtengenezaji, na hapo masasisho ya kerneli ya Debian hayakuhusu tena. Michoro inachorwa na prosesa, kwa hiyo kuandika na kuvinjari kunawezekana, ila video ni mateso.

Usikimbilie Ubuntu mpya. Kuanzia 25.10 inadai RVA23, kiwango cha maagizo ambayo prosesa lazima iwe nayo, na kori za U74 za bodi hii hazina maagizo ya vekta yanayohitajika. Ubuntu ya mwisho ya msaada wa muda mrefu (LTS) inayoifaa bodi hii ni 24.04.

Umeme: volti 5, ampea 3, kupitia UPS ndogo ya ruta yenye tundu la USB linalotoa kiasi hicho kweli. Umeme ukikatika katikati ya `apt upgrade`, kadi huamka na faili nusu. Mfumo uhamishie NVMe, diski ya kasi ya kuchomeka kwenye bodi, kadi ibaki ya dharura.