Kipimo cha damu cha CRP kilivyotusaidia na zile homa ambazo sio malaria

Nipo maabara kwenye zahanati moja ya binafsi huku Morogoro, na kwa muda mrefu mgonjwa aliyekuwa ananiumiza kichwa kuliko wote ni mtoto anachemka halafu MRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, haioni malaria. Hapo ndo shida inaanza, mama anataka dawa, dokta hana pa kushika, basi inaandikwa amoksilini, au anapimwa Widal, kipimo cha taifodi, inasoma pozitivu (na Widal huku inasoma kwa watu kibao ambao hawana taifodi yoyote) anaanzishiwa sindano. Wakati wengi wao ni virusi tu. Kuna utafiti ulifanyika Dar es Salaam na hapa kwetu Ifakara, ukatoka 2014, watoto zaidi ya elfu moja wenye homa, malaria ilikuwa kama 10 tu katika kila 100 na virusi karibu 70. Ile ripoti niliisoma nikakaa nikawaza tunawapa watoto antibayotiki za nini.

Ndo tukaanza na CRP. Kwa wasioijua, ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapowaka kwa ndani, iligunduliwa 1930 New York na Tillett na Francis kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Mtu mzima wa afya mara nyingi yuko chini ya miligramu 10 kwa lita, bakteria wakimshika vizuri inaweza kuvuka 100.

Tulianzia na ile ya lateksi, unaweka seramu (yale maji ya damu) kwenye slaidi nyeusi, unachanganya na lateksi, zile chembe ndogo za mpira, unazungusha dakika mbili unaangalia kama imeganda. Ni rahisi kwa bei lakini mimi sikuipenda, kwanza lazima uwe na mashine ya kuzungusha damu upate seramu, pili inakwambia ipo au haipo, na nyingi zinaanza kuganda kwenye 6, sasa 6 si hata mtoto wa mafua anaifikisha. Halafu kuna hatari ambayo wengi hawaijui, CRP ikiwa nyingi kupita kiasi lateksi inaweza isigande kabisa, unaandika hana kitu kumbe ndo anaumwa kuliko wote foleni nzima. Mgonjwa akiwa hoi na slaidi imetulia, punguza seramu kwa maji ya chumvi urudie.

Baadae mwenye zahanati akakubali tununue ya kaseti, kile kipimo cha plastiki cha kutumia mara moja, na kimashine chake kidogo. Unachoma kidole, unafuta tone la kwanza, unachukua la pili bila kukamua kidole kwa nguvu, unachanganya na bafa yake (maji yake maalumu), dakika chache namba hii hapa. ESR, kile kipimo cha zamani cha kuangalia damu inavyotuama, tulikuwa tunasubiri lisaa zima na mtoto analia.

Lakini kilichofanya kipimo kitusaidie kweli ni kujua homa ilianza saa ngapi. CRP haipandi papo hapo, inaanza kama masaa sita hivi tangu mwili ushtuke na inafika juu kabisa kama siku mbili baadae. Alikuja bibi mmoja asubuhi na mjukuu wake anahema haraka haraka, MRDT haina kitu, CRP ikasoma 8. Dokta akawa anataka kuandika panadol waende. Nikamuuliza, "Shikamoo bibi, homa imeanza lini?" Akasema, "Marahaba mwanangu, usiku huu huu, mida ya saa tisa." Yani masaa machache tu! Nikarudi kwa dokta nikamwambia dokta hii 8 bado haijasema chochote, akampima upya kifua, akaamua kumpa dawa ya nimonia kwa kile alichokisikia na pumzi alizohesabu, na kesho yake tukarudia bila malipo. Ilisoma 96. Yule mtoto alipona.

Toka hapo nikaomba tuongeze mstari kwenye fomu ya maabara, homa ilianza siku gani na saa ngapi, na nisipoukuta umejazwa natoka mwenyewe nje kumuuliza mama. Na ikiwa homa haijafika siku moja na namba iko chini, anarudi kesho, hiyo ya pili hatumtozi. Mwenye zahanati aligoma mwanzoni, alihesabu kaseti, alihesabu na antibayotiki ambazo hazitauzika, nikamwambia mama ambaye mtoto wake amepona bila sindano ataleta na jirani yake. Akaniachia nijaribu.

Kwa wazazi kinachosaidia ni kuwaonyesha ile namba kwa macho yao. Namwambia, mama, homa ina siku tatu, mtoto ananyonya, anacheza, namba ni 12, huyu ni virusi tumpe maji na panadol. Wanakubali zaidi kuliko ukimwambia tu hahitaji dawa. Ila mtoto ambaye hanyonyi, anatapika kila kitu, amelegea au amepata degedege huyo simsubirishi namba yoyote, anaenda hospitali kubwa.

Na MRDT inatangulia daima, maana malaria nayo inapandisha CRP juu sana, ukianza na CRP utadhani bakteria. Virusi wengine pia wanaipandisha kiasi, ndo maana ile ya katikati, 30, 50, inabaki kazi ya dokta na masikio yake. Kwenye utafiti mwingine wa Dar uliotoka 2017 walitumia mstari wa 80 kwa watoto, yaani ikifika hapo ndo wanafikiria bakteria, pamoja na vipimo vingine na maelekezo kwenye tableti (ile kompyuta ndogo ya kushika mkononi), antibayotiki zikashuka toka karibu 30 katika kila watoto 100 hadi kama 11, na watoto hawakuumia kwa hilo. Uingereza kwa watu wazima wenye kifua wanatumia mistari miwili, 20 na 100. Sisi tunafuata 80 kwa watoto.

Kwa anayetaka kuanza, angalieni joto. Kaseti nyingi zinataka chini ya nyuzi 30, na mwezi wa pili huku chumba cha mabati kinapita hapo saa nne asubuhi, kwa hiyo zetu zinakaa kwenye friji na natoa za kutwa moja tu, zinatoka baridi mezani kama nusu saa kabla sijafungua pakiti.